Shetani wa Buffalo Hapigi Hivyo

Los Angeles
9 Septemba 1976

Kwa Baba,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na Shangazi Lodzia amekubali hatimaye kwenda kwa daktari wa macho badala ya kusoma misale kwa kukisia. Mimi ni mzima. Huku ni joto tu, mchana joto, jioni joto, mpaka mtu anatamani ile baridi yenu ya kuuma masikio.

Nimekutumia santuri. Itaingia madukani mwezi ujao, ila nimetaka wewe uipate kabla hujaisikia kwenye dirisha la mtu mwingine. Inaitwa Harusi Isiyokwisha. Imepigwa na bendi yetu yote, Ghala Tupu, lakini hadithi nimeitunga mimi. Nasema hadithi kwa sababu si nyimbo zilizorundikwa pamoja. Ni mchezo mmoja wa kuigiza, tangu sindano inapogusa upande wa kwanza mpaka inaponyanyuka upande wa pili.

Mambo yanatokea ukumbini, kwenye harusi. Milango imefungwa na wageni wanacheza mpaka soli za viatu zinatoboka. Hawawezi kuacha kwa sababu kuna Mpiga Kodiani, shetani mwenye kizibao kinachometameta, naye haachi kupiga. Bibi harusi, Ursula, anaomba avuliwe shela awe mke wa mtu, aende zake. Shetani anacheka na kuanza wimbo mwingine. Upande wa pili tunakwenda nyumbani kwa huyo Mpiga Kodiani. Mkewe anakufa. Amekaa chini ya simu ya ukutani, anapiga simu ukumbini. Sehemu ya mke naiimba mwenyewe. Simu inalia tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na hakuna anayeipokea.

Kuna mtu utamtambua humo ndani. Sikuandikii kuomba ruhusa.

Mwezi wa pili tutaipeleka yote jukwaani, na mapambo na mavazi. Mji wa kwanza ni Buffalo. Nimeuchagua mimi. Nitakuwekea kiti mbele.

Isikilize kwa mpangilio, usiruke. Na mara ya kwanza usimwite shangazi.

Binti yako,
Danusia

*

Buffalo, New York
2 Oktoba 1976

Danuta,

Sisi wazima. Goti ni goti. Shangazi yako hajaenda kwa daktari, na ndiyo maana jarida lile lililokuhoji nililisoma mwenyewe, neno kwa neno, nikiwa nimesimama dukani kwa Wieczorek kama mwizi. Wieczorek alinishika mkono nilipopita. "Zygmunt, binti yako amepigwa picha ukurasa mzima, amepakwa rangi nyeupe usoni kama maiti. Njoo uone." Watu wanne kwenye foleni ya nyama wakageuka.

Nikasoma. Mwandishi anakuuliza muziki huu umeutoa wapi. Ukamjibu vizuri, umesoma, ulimi haukukwama. Ukasema umetoka kwa Waingereza wanaopaka wanja na kuimba kama wako kwenye opera. Ukasema vilabu vya Berlin vya zamani. Ukasema magitaa ya watu weusi wa Chicago, na kwaya, na sarakasi. Sarakasi, Danuta! Sarakasi ulipelekwa mara moja, ukalia kwa sababu ya tembo, tukarudi nyumbani kabla haijaisha.

Nikafunua ukurasa wa nyuma nikidhani labda umeendelea huko. Hola. Ulilala kwenye sanduku la kodiani kabla hujaota meno. Ulijifunza kuhesabu kwa kunihesabia tarumbeta ziingie. Lakini sarakasi ndiyo iliyokulea.

Nikaja nyumbani nikaweka santuri. Sasa nisikilize, maana hili nitalisema mara moja. Umenifanya shetani. Sawa. Majirani wananiangalia kwa jicho la pembeni, Padri Bogucki ameniuliza kama nataka kuzungumza, na shangazi yako ameusikia upande wa kwanza wote kupitia ukutani. Hayo nimeyameza. Lakini huyo shetani wako anapiga kodiani kama nani? Ulimtoa wapi huyo mtu? Anavuta na kusukuma mvukuto kama mgonjwa wa homa, anaburuta noti ya pili, anasubiri, anayumba. Hiyo ni Chicago! Huo ni mtindo wa kilevi wa polka za Chicago! Harusi yako umesema ni ya Buffalo, umeitaja mpaka mitaa, mpaka maghala ya nafaka na moshi wa kiwanda cha chuma. Mtu aliyepiga harusi za Buffalo maisha yake yote hapigi hivyo. Sisi tunapiga kwa kasi, safi, tarumbeta mbili juu, klarineti inakimbia, na tunafika mwisho wote pamoja kama mlango unaofungwa. Ungemwuliza mtoto yeyote wa mtaani kwetu angekwambia. Wewe ulijua! Wewe masikio yako niliyafundisha mimi!

Kama unataka kunivua nguo mbele ya nchi nzima, nivue. Usinivishe za mtu mwingine.

Upande wa pili sikuumaliza.

Baba yako

*

Los Angeles
19 Oktoba 1976

Baba,

Salamu kwako na kwa shangazi. Sina nguvu ya kuuliza habari za goti.

Nimesoma barua yako mara kadhaa nikitafuta mahali ulipomtaja Mama. Nimekuta tarumbeta. Nimekuta klarineti. Nimekuta Wieczorek na foleni yake ya nyama. Curtis, mpiga gitaa wetu, niliposomea bendi kile kipande cha Chicago alicheka mpaka akaketi chini. "Danuta," akasema, "umemwita baba yako shetani, naye anaona wivu kwa sababu shetani anapigiwa na mtu mwingine." Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Uliacha santuri ilipofika kwenye simu. Najua ni hapo. Basi nitakusimulia yaliyomo, kwa kuwa hukuwa na ubavu wa kuyasikia.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Shangazi alikuwa ameenda kanisani kumtafuta padri. Wewe ulikuwa umevaa kizibao chako cha vipande vya kung'aa tangu mchana, ukambusu Mama kichwani, ukatoka na sanduku. Mke wako alikuwa mahututi, wewe ukaenda kupiga polka watu wacheze harusini. Niliingia jikoni nikamkuta ametoka kitandani mwenyewe, sijui aliwezaje, amekaa kwenye kiti chini ya simu, mkono wa simu umebanwa sikioni. Hasemi kitu. Anasikiliza tu inavyolia. Machozi yanamtoka, hayafuti. Nikamwambia, "Mama, iweke chini, hatapokea." Akaweka kidole mdomoni, akanitikisia kichwa ninyamaze. Aliendelea kungoja! Aliamini utapokea! Nikasubiri, nikasubiri, kichwa chake kikaegemea ukuta, na bado ameikamata. Mwisho nikamnyang'anya nikaikata kwa nguvu mpaka kengele yake ikalia yenyewe. Nikamshika. Hakusema tena na mtu.

Halafu wewe ukaingia, umemetameta.

Ndiyo, Baba, masikio yangu uliyafundisha wewe. Kwa hiyo najua kuhesabu. Nilihesabu jinsi ulivyochelewa.

Unauliza kwa nini sikukutaja kwenye jarida. Mtu akiulizwa muziki wake umetoka wapi anataja anaowaonea fahari.

Na huyo mpiga kodiani niliambiwa na studio kwamba ndiye bora California nzima. Nilisikia kabisa kwamba anapiga Chicago. Nilimwacha. Sikutaka kukusikia wewe kwenye santuri yangu, hata kwa bahati mbaya.

Danuta

*

Buffalo
6 Desemba 1976

Danuta,

Shangazi yako anakusalimu. Yeye ndiye anayekusalimu.

Ndani kuna mkate wa Krismasi, ule mwembamba kama karatasi, kama kila mwaka. Unajua desturi ya nyumba hii. Anayekuwa mbali hutumiwa opłatek wake na posta, na kabla ya kufungwa bahasha kila aliye nyumbani humega kona akala, ili aliye mbali naye amege ale, iwe kama tumeketi pamoja na tumesameheana ya mwaka mzima. Shangazi yako alinyoosha mkono amege kona yake. Nikamzuia. Nimeutia kwenye bahasha mzima.

Uliandika kwamba ungependa kuja mkesha wa Krismasi kabla ya safari zenu. Ulimwandikia yeye, hukuniandikia mimi, lakini barua zake namsomea mimi, kama umesahau. Mlango haufungwi. Mezani tunaweka kiti kimoja cha ziada na sahani tupu kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, mtu yeyote aliyepotea njia. Ukija, kaa hicho. Mgeni hafukuzwi siku ile, hata akiwa nani.

Kiti chako nimekipeleka ghorofa ya chini ya ardhi.

Z. Wojtaszek

*

Denver
27 Desemba 1976

Baba,

Heri ya Krismasi iliyopita. Mimi ni mzima, nimechoka. Mkesha nilikula hotelini, samaki wa mkebe na viazi baridi.

Mkate wako ulifika. Ulifika mzima, Baba, hata posta haikuuvunja. Umetoka Buffalo mpaka Los Angeles, ukasukumwa mpaka Denver, na hauna ufa. Nilipoufungua Curtis aliuliza kwa nini nimekuwa hivyo usoni, ni kipande cha karatasi tu. Nikamweleza. Yeye ni mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti, hajui mambo yetu, lakini akasema, "Mama yangu alinitusi kwa simu siku nilipoacha kwaya. Yenu ni mbaya zaidi. Mnatusiana kwa chakula cha Mungu."

Niliumega mwenyewe nikampa yeye nusu. Tumekula na watu wa taa na mbeba ngoma. Kwa hiyo umewasamehe watu usiowajua.

Kiti cha mgeni! Uliketi ukalifikiria hilo, ukaliandika, ukaligundisha stempu!

Santuri inauzwa kuliko tulivyotarajia. Tumeongezewa miji ya kuipigia, bila mapambo, kabla ya mchezo wenyewe kuanza Buffalo, na kila mji watu wanajua maneno. Kwenye wimbo wa simu wanawake wazima wanalia, na wengine wanapiga kelele kumwambia shetani apokee. Kelele hizo huwa nazifurahia, sitaki kukuficha. Kila zinapopigwa najiona niko jikoni tena, lakini safari hii siko peke yangu.

Tunafika Buffalo mwezi wa pili. Nakuuliza swali moja na sitauliza tena. Sitaki Chicago, sitaki Wieczorek, sitaki viti. Kwa nini hukupokea simu?

Danuta

*

Buffalo
31 Januari 1977

Danuta,

Tu wazima, mimi na shangazi yako. Utakuwa umeona kwenye televisheni. Theluji imeziba mlango wa mbele mpaka juu, na dirisha la jikoni limekuwa jeupe kama ukuta. Magari yamezama mitaani, watu wanatembea juu ya mapaa yake bila kujua. Hakuna kwenda popote. Hata kwa Wieczorek siwezi kwenda kununiana naye. Ndiyo maana naandika. Kama mlango ungefunguka nisingeandika, nakwambia ukweli.

Siku nne hizi nimeketi jikoni kutazama simu, na damu inanichemka.

Kwa nini sikupokea simu? Msichana wewe! Simu ilipokelewa! Ilipokelewa mlio wa kwanza!

Ile harusi ilikuwa ya Jadzia, mtoto wa ubatizo wa mama yako. Labda umesahau, au hukujali, umempa bibi harusi jina lingine. Nani alikuwa akiongoza wimbo wa kumvua bibi harusi shela katika bendi yangu? Miaka yote, kila Jumamosi, nani alisimama na wanawake wakamzunguka bibi harusi kitini, akaimba wao wakiitikia, shela likatolewa, kitambaa cha mke kikafungwa? Mama yako. Kiti chake kilikuwa mkono wangu wa kulia, hakuna aliyekikalia hata alipougua. Bibi harusi asiyeimbiwa wimbo ule kwetu hajaolewa, amekula tu kuku na kwenda kulala.

Asubuhi ile nilimwambia Stefa, mama yako, siendi, wampate mwingine. Alinikamata kola. Hakuwa na nguvu ya kunyanyua kikombe lakini kola alinikamata. "Zygmunt, mtoto wangu haolewi kwa muziki wa santuri. Utakwenda. Mimi siwezi kusimama, basi nipeleke kwa simu." Nikasema ni wazimu. Akasema, "Nimekuimbia harusi za watoto wa watu wote wa mtaa huu. Hii moja nataka kuisikia."

Kwa hiyo simu ilipolia baada ya chakula, mwenye baa aliinyanyua mara moja, akaivuta na waya wake mrefu mpaka jukwaani, akaulaza mkono wa simu kwenye kiti cha mama yako, kando yangu. Nilipiga kwa ajili ya kile kiti. Sikumwangalia Jadzia, sikumwangalia mtu. Wanawake waliimba wakielekea simu. Waliokuwapo wapo hai, waulize. Jadzia alisema jina la mama yako kwa sauti kabla ya kufungiwa kitambaa. Huo wimbo unatakiwa upigwe taratibu mwanzoni, na mkono wangu ulitaka kukimbia, nikaukatalia, kwa sababu nilijua anafuatisha maneno huko aliko.

Hakuwa anasikiliza simu inavyolia. Alikuwa anatusikiliza. Ndiyo maana alikunyamazisha.

Wimbo ulipokwisha niliinua mkono wa simu. Nikasikia sauti yako. "Mama, iweke chini, hatapokea." Umeyaandika maneno hayohayo, na mimi nimeishi nayo tangu siku ile. Labda uliyasema mapema, kisha ukayarudia, sijui. Mimi niliyasikia. Nikaita, "Stefa! Stefa, umesikia?" Kisha ikakatika sikioni mwangu kama kofi.

Nilikimbia mitaa yote ile na kodiani kifuani, sikuwa na akili hata ya kuivua. Ndiyo hicho kizibao ulichokiona.

Nilidhani unajua! Nilidhani ulinisikia nikiita ukakata. Nilidhani ndiyo sababu ulinipa kisogo kaburini, na ndiyo sababu ulihama ulipoweza. Nikajisemea, ni mtoto, alikuwa na uchungu, usimwulize, utamvunja. Nikanyamaza kwa ajili yako. Halafu unapanda jukwaani na uso mweupe, unawaambia watu wa Denver kwamba mama yako alikufa akisikiliza simu inayolia bila kupokelewa!

Alikufa ameimbiwa. Usimnyang'anye hilo. Mimi nifanye uchafu wowote unaotaka, lakini hilo usimnyang'anye.

Posta haitembei. Sijui lini utaipata hii.

Baba

*

Cleveland
17 Februari 1977

Baba,

Barua yako imenifikia leo, imezungushwa miji mitatu. Onyesho la Buffalo limesogezwa hadi 12 Machi kwa sababu ya theluji, bila shaka umeona matangazo.

 Nimekaa chooni kwenye basi la bendi kwa sababu ndipo penye mlango.

Nimekukasirikia zaidi kuliko nilivyokuwa. Unanielewa? Ulinyamaza kwa ajili yangu! Nani alikuomba? Ungenipiga kofi siku ile ukaniambia, ningelia wiki moja nikamaliza. Badala yake umeniacha nikue na ile simu inalia kichwani. Nimetunga santuri nzima juu yake. Nimejifunza gitaa kwa sababu nilitaka kitu chenye kelele kuliko ile simu! Na kumbe ndani ya simu kulikuwa na wanawake wanaimba.

Mimi ndiye niliyeikata. Naandika hivi nikiona mkono wangu. Mama alikuwa bado anasikiliza, labda alikusikia unamwita, nami nikamnyang'anya.

Santuri siwezi kuirudisha, iko kwenye nyumba za watu. Jukwaa naliweza. Nimewaambia bendi kwamba Buffalo hatupigi wimbo wa simu, na shetani namwondoa kabisa. Meneja amepiga kelele kwamba bila shetani hakuna mchezo, watu wamelipa kumwona yeye. Curtis amemwambia anyamaze. Yule mpiga kodiani wa California nimemwomba jana anipigie ule wimbo wa kuvua shela kama unavyopigwa kwetu. Nimemwimbia. Baba, ameuburuta. Ameuyumbisha kama mlevi anayetafuta funguo. Nimemfokea mbele ya watu wote, "Buffalo hatupigi hivyo!" Kisha nikatoka nje, nikatambua nimesema kwa sauti yako.

Ukitaka kuja, kiti kipo. Usipotaka, nimeelewa.

Nimekosa jina la kutia hapa chini, Danusia la utotoni silistahili tena. Yule mgeni wako.

*

Buffalo
25 Februari 1977

Danusia,

Tu wazima. Theluji bado ipo lakini ni chafu sasa, inayeyuka na kutoa viatu vya watu na vifuniko vya mapipa. Shangazi yako ameenda kwa daktari wa macho hatimaye. Ana miwani. Jambo la kwanza alilofanya ni kuzisoma barua zako zote upya, kisha akaja kunitukana kwa kuwa niliruka mistari.

Bado nina hasira na wewe. Nasema ili usije ukadhani nimelainika. Ile ya sarakasi sijaisahau.

Shetani usimwondoe. Watu wa hapa wamenunua tiketi kumwona shetani wa mtaani kwao, na wengi wao niliwapigia harusi zao, hawatakubali kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Wieczorek amenunua safu nzima. Na meneja wako, ingawa simpendi, amesema kweli, hadithi yako haisimami bila yeye. Ni hadithi nzuri. Upande wa kwanza, pale magitaa yanapoingia chini ya polka na sakafu yote inanguruma, nilisimama nikiwa peke yangu sebuleni. Ukisema nimesema, nitakana.

Lakini huyo bwana wa California mpandishe ndege arudi kwao. Kodiani asiiguse tena. Kama katika mji huu lazima niwe shetani, nitajipigia mwenyewe. Kizibao ninacho, shangazi yako amekishonea vipande vilivyodondoka. Rangi ya uso sipaki. Pembe sivai, kipara kinatosha. Mwambie mpiga ngoma wako kwamba mimi simsubiri mtu, anifuate. Curtis apige anavyopiga, yule anajua kusikiliza. Nitakuja tarehe kumi mchana kufanya mazoezi, na nataka chai, si bia.

Ndani kuna mkate. Ulibaki kwenye droo tangu Krismasi, umekauka, na si msimu wake, Padri angecheka. Tumemega kona zetu sisi wawili. Na kiti chako nimekipandisha juu. Mguu mmoja umelegea kwa unyevu wa kule chini, nitaugundisha kabla hujafika.

Sasa wimbo wa simu. Usiutoe. Ila isilie. Weka kiti mkono wangu wa kulia, asikikalie mtu, na mkono wa simu ulazwe juu yake, na waya uende mpaka upande wako, pale kwenye ukuta wa jikoni uliouchora. Wewe kaa chini yake, nyamaza, sikiliza. Shetani atapiga wimbo wa kuvua shela, taratibu, mpaka mwisho. Kisha nitainua simu niite jina la mama yako.

Safari hii usikate.

Baba